JOTO LA MAJI YA INJINI NA WAKATI WA CHECHE
Maelezo kwa wakulima wa Bukoba na Muleba wenye motokaa zenye nguvu

Mkulima wa Hamugembe, au wa Kemondo, au wa Kamachumu, akiisha kuuza kahawa yake na kuweka akiba kwa miaka kadhaa, mara nyingi hununua motokaa. Siku hizi nyingi ni zile zilizokwisha kutumika Japani, zikaletwa kwa meli mpaka Dar es Salaam. Na katika hizo zimo zenye injini kali, zilizoundwa kwa ajili ya mwendo wa kasi: Subaru Impreza na Forester zenye tabo, Mitsubishi Lancer Evolution, Toyota Altezza, Toyota Chaser na ndugu zake. Vijana huzipenda kwa mbio zake. Baba mwenye nyumba huzitumia kwa kubeba mikungu ya ndizi, watoto wa shule, na mgonjwa wakati wa usiku. Injini ni ileile, wala sheria zake hazibadiliki kwa sababu ya mzigo.

Karatasi hii inaeleza jambo moja tu la injini hizo, nalo ni jinsi joto la maji yanayoizunguka injini linavyoamuru wakati wa kuwashwa kwa petroli ndani yake. Jambo hili halionekani kwa macho, na kwa sababu hiyo watu huliharibu bila kujua. Injini ikifa, gharama yake huweza kumeza mapato ya kahawa ya misimu kadhaa. Na mara nyingi injini iliyokufa leo ilianza kufa zamani, siku ile mtu alipochomoa kipande kidogo cha chuma kilichokuwa katika njia ya maji, akakitupa, akasema, "Huku kwetu kuna jua, hiki hakina kazi."

CHECHE HUTOLEWA WAKATI GANI

Ndani ya silinda pistoni hupanda na kushuka. Inapopanda, huibana hewa iliyochanganyika na petroli. Kisha plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na nguvu ya moto huisukuma pistoni chini, nayo huuzungusha mhimili uliopindika ambao mafundi huuita krenki. Watu wengi hudhani kwamba cheche hutolewa pistoni ikiwa imefika kileleni kabisa. Sivyo. Cheche hutolewa kabla ya kilele, pistoni ikiwa bado inapanda.

Sababu yake ni rahisi kufahamu kwa mtu aliyeona nyasi za rweya zikiungua. (Hatusemi kwamba kuchoma rweya ni jambo jema; twataka mfano tu.) Ukitia kiberiti upande mmoja, moto hauli rweya nzima mara moja, bali hutembea. Hali kadhalika moto wa ndani ya silinda huanzia kwenye plagi ukatembea mpaka pembeni, na safari hiyo hutumia kama sehemu mbili katika elfu za sekunde. Muda huo ni mdogo sana kwetu, lakini kwa injini si mdogo. Krenki ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hupita digrii 18 za mzunguko katika kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa hiyo moto ukisafiri kwa muda wa sehemu mbili, krenki imekwisha kupita digrii 36.

Nguvu ya moto inafaa zaidi ikifikia ukubwa wake pistoni ikiwa imekwisha kupita kilele na kuanza kushuka, yaani kiasi cha digrii 15 baada ya kilele. Basi ili moto uwe tayari mahali hapo, sharti uwashwe mapema. Kuwasha mapema zaidi twakuita kuwahisha cheche, na kuwasha baadaye twakuita kuichelewesha. Mafundi wa gereji husema "taimingi", na neno hilo lina maana hiyohiyo.

Cheche ikichelewa, moto huwaka pistoni ikiwa imekwisha kukimbia chini. Nguvu hupotea, petroli huliwa bure, na joto ambalo lingefanya kazi hutoka kwa njia ya eksozi na kuyapasha maji moto kupita kiasi. Cheche ikiwahi mno, moto huikuta pistoni bado inapanda na kuipiga kichwani. Hasara ya kwanza ni ya fedha, na ya pili ni ya injini yenyewe.

Zamani dereva mwenyewe ndiye aliyekuwa akiamua. Katika motokaa ya Ford Model T, iliyotengenezwa tangu mwaka 1908 hata 1927, palikuwa na mkono mdogo upande wa kushoto wa usukani, na dereva aliusogeza kuwahisha au kuchelewesha cheche kwa kusikiliza sauti ya injini. Baadaye kazi hiyo ikapewa distributa, yenye vizito vidogo vinavyofunguka kadiri mwendo unavyozidi. Walakini vizito hivyo vilijua mwendo tu; havikujua kama injini ni ya baridi au ya moto. Katika motokaa tunazozungumzia leo, kompyuta ndiyo inayoamua, tena huamua upya kwa kila cheche. Nayo, kabla ya kuamua, huuliza habari nyingi: mwendo wa injini, wingi wa hewa inayoingia, na joto la maji.

KWA NINI JOTO LA MAJI LIULIZWE

Kuta za silinda zimezungukwa na maji. Maji yakiwa baridi, kuta ni baridi, na petroli inayoingia hubaki matonematone wala haigeuki mvuke vema. Mchanganyiko wa namna hii ni kama nyasi zenye umande: huwaka polepole. Anayewasha nyasi za umande hana budi kuanza mapema ili amalize kwa wakati uleule. Ndivyo inavyofanya kompyuta. Ikiambiwa kwamba maji ni baridi, huwahisha cheche, na tena huongeza petroli ili iliyo tayari kuwaka itoshe. Katika baridi kali kama ya Japani wakati wa theluji, injini fulani za Toyota huwahisha hata kufikia digrii 15 zaidi. Kwetu Bukoba, ambako asubuhi ina ubaridi lakini haina barafu, ni digrii chache tu.

Hapa pana jambo linalowachanganya hata mafundi. Motokaa nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1990, zikiwashwa asubuhi, kwa muda mfupi wa kwanza huichelewesha cheche kwa makusudi, ili moshi utoke wa moto sana na kukipasha joto kile chombo cha kusafisha moshi kilicho katika bomba la eksozi. Ukisikia injini inavuma kwa sauti nzito kwa nusu dakika hivi kisha ikatulia, si ugonjwa.

Maji yakifika joto lake la kazi, ambalo kwa injini nyingi ni kati ya sentigredi 80 na 95, kompyuta hurudi kwenye hesabu yake ya kawaida. Hapo ndipo injini inapotoa nguvu nyingi kwa petroli kidogo, mafuta ya kulainisha huwa mepesi kiasi chake, na vyuma vyote vimetanuka vikakaa mahali pake.

Sasa maji yakizidi joto. Kuta huwa za moto, na mchanganyiko hupata moto kabla haujaguswa na cheche. Rudi kwenye mfano wa rweya. Nyasi zikiwa kavu mno na upepo wa moto ukavuma, moto hauna haja ya kutembea kufika ng'ambo. Nyasi za ng'ambo hushika zenyewe, kwa ghafla, zote pamoja. Katika silinda jambo hilo likitokea, mchanganyiko wa pembeni ambao bado haujafikiwa na moto hulipuka peke yake. Mlipuko huo hutoa sauti kama ya kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Mafundi husema, "Injini inagonga."

Mgongo huo si kelele tu. Kila mlipuko huondoa ule utando mwembamba wa gesi unaoikinga pistoni na moto, na moto wa ndani ya silinda hupita sentigredi 2,000 ilhali pistoni ni ya aluminiamu, ambayo huyeyuka kwa 660. Mtu akiendelea kukanyaga mafuta huku injini inagonga, kwanza huvunjika kuta nyembamba zinazoshika ringi, kisha gasketi ya silinda hedi huungua, au pistoni hutoboka. Katika injini yenye tabo, yaani pangaboi inayozungushwa na moshi ili kushindilia hewa ndani ya silinda, mambo haya hutokea upesi zaidi, kwa kuwa hewa iliyoshindiliwa ina joto na shinikizo kubwa tangu mwanzo.

Ili kuzuia hayo, kompyuta ikiambiwa kwamba maji yamezidi joto huichelewesha cheche. Katika mitambo ya Toyota ucheleweshaji wa namna hii hufikia kama digrii 5. Tena kuna sikio la chuma lililofungwa kwenye ubavu wa injini, nalo likisikia mgongo huiambia kompyuta ichelewesha zaidi. Ndiyo maana motokaa iliyopata joto hupoteza nguvu mlimani. Dereva asiyejua hukasirika na kukanyaga zaidi, kumbe injini inajiokoa. Lakini wokovu huo una mpaka. Tumekwisha kusema kwamba cheche iliyochelewa hupeleka joto katika eksozi na maji. Basi ukizidi kuilazimisha, maji huzidi moto, cheche huzidi kuchelewa, na mduara huo hauna mwisho mwema. Dawa ni kupunguza mwendo, au kusimama.

KIPIMO KIDOGO CHENYE NENO KUBWA

Kompyuta haina mkono wa kugusa maji. Habari yake yote huipata kwa kipimo kimoja kidogo, kiasi cha kidole, kilichochomekwa katika njia ya maji, na mafundi hukiita sensa ya maji. Ndani yake mna kitu ambacho huzuia umeme sana kikiwa baridi, na huuachia upite kadiri kinavyopata joto. Kwa Toyota nyingi kizuizi hicho ni omu 2,000 hadi 3,000 maji yakiwa sentigredi 20, na omu 200 hadi 400 tu maji yakiwa 80. Fundi mwenye mita ya umeme huweza kukipima kwa dakika chache, na yafaa umwombe afanye hivyo kabla hujanunua plagi mpya, koili mpya, na vitu vingine ambavyo huenda havina kosa.

Jihadhari na jambo hili. Katika motokaa nyingi za miaka ya 1990, kipimo kinachopeleka habari kwa kompyuta si kile kinachosogeza mshale mbele ya dereva. Ni viwili mbalimbali. Kwa hiyo mshale waweza kukaa vizuri katikati huku kompyuta inadanganywa, na tena waweza kuwa kinyume chake. Waya wa sensa ukikatika kabisa, kompyuta nyingi hutambua, huwasha taa ya injini, na kufanya kazi kana kwamba maji yako kwenye joto la kawaida. Toyota hukadiria 80. Motokaa itakwenda, lakini itakuwa ngumu kuwaka asubuhi, na siku maji yatakapozidi moto kompyuta haitajua.

Baya kuliko hilo ni sensa inayosema uongo wa kadiri, isiyokatika wala kuwa nzima. Ikisema daima kwamba maji ni baridi, petroli humwagwa kwa wingi, moshi mweusi hutoka, plagi huwa na masizi, nayo cheche huwahishwa katika injini ambayo kwa kweli ni ya moto. Hapo mgongo huja.

Na sasa neno ambalo kila dereva yampasa alijue. Sensa hupima maji ikiwa ndani ya maji. Maji yakivuja hata sensa ikabaki hewani, haiwezi kupima sawasawa, maana hewa na mvuke havipeleki joto kama maji yapelekavyo. Dereva huona mshale uliokuwa umepanda ukishuka ghafula kuelekea baridi, naye hufurahi akasema, "Imepoa!" Haikupoa, imekauka. Wakati huohuo kompyuta nayo huenda imeambiwa kwamba injini ni baridi, na haina sababu ya kuichelewesha cheche. Mshale ukipanda kisha ukaanguka wenyewe huku motokaa inapanda mlima, zima injini hapo hapo ulipo, hata kama ni porini na mvua inanyesha. Usifungue kifuniko cha rejeta mpaka injini ipoe, kwa kuwa mvuke utakuunguza uso.

Injini za Subaru, ambazo silinda zake zimelala ubavu, zina tabia ya kuficha hewa katika njia za maji baada ya maji kubadilishwa. Fundi asipoitoa hewa hiyo kwa subira, matokeo yake hufanana na hayo ya upungufu wa maji.

HABARI YA THAMOSTATI

Kile kipande kidogo cha chuma tulichokitaja mwanzo ndicho thamostati. Ni mlango. Ndani yake mna nta. Nta ikipata joto hutanuka na kuufungua mlango, maji yaende kwenye rejeta yakapozwe. Yakipoa, mlango hurudi. Kwa Toyota nyingi mlango huanza kufunguka kati ya sentigredi 80 na 84. Injini nyingine hutofautiana kidogo, na yapasa kununua ile iliyoandikwa kwa ajili ya injini yako.

Desturi ya kuitoa imeenea Afrika Mashariki yote. Wasemao hivyo husema kwamba nchi yetu ina jua, basi maji na yazunguke bila kizuizi. Neno hili lina sura ya akili, lakini si kweli. Thamostati haikuwekwa kwa ajili ya nchi za baridi peke yake. Iliwekwa ili joto lisibadilikebadilike. Ukiitoa, ukishuka mteremko kuelekea ziwani asubuhi yenye ukungu maji yatakaa chini ya joto la kazi safari nzima. Kompyuta itaendelea kudhani kwamba injini bado inapata moto: itaongeza petroli na kupanga cheche ya injini baridi. Petroli isiyoungua huosha mafuta katika kuta za silinda na kuingia katika mafuta ya chini, na ringi huliwa. Hayo ni matumizi ya petroli ambayo mwenye gari hulipa kila siku bila kujua anacholipia. Kisha, siku ya kupanda Kamachumu na mzigo, katika injini nyingine maji yasiyo na kizuizi hupita njia fupi wala hayafiki kwenye rejeta ya kutosha, na injini ile ile iliyokuwa baridi mno huwa ya moto mno.

Ikiwa injini yako hupata moto kupita kiasi, kuna sababu, na sababu hiyo haiponi kwa kuutoa mlango. Tazama rejeta kama imeziba. Matope ya njia za mvua, mbegu za nyasi, na wakati wa senene wadudu wenyewe, huziba nafasi za hewa. Zioshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kuja nje. Tazama feni kama inazunguka. Tazama mpira wa kifuniko cha rejeta. Haya yote ni rahisi kuliko pistoni mpya.

Madereva wa mashindano huweka wakati mwingine thamostati inayofunguka mapema kidogo, ili injini iwe mbali na mgongo. Kwao ni sawa, maana wamebadilisha hesabu ya kompyuta ipatane nayo, na huifungua injini baada ya kila mashindano. Wale walioshinda Safari Rally, mbio zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kama Joginder Singh aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, au Colin McRae aliyeshinda kwa Subaru Impreza mwaka 1997, walifuatwa na mafundi na vipuri njiani. Mwenye motokaa moja ambayo kesho itapeleka ndizi sokoni asiwaige katika hili.

MAHALI PETU NA UREFU WAKE

Bukoba iko kando ya Ziwa Viktoria, nalo ziwa lina urefu wa kama mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Kwa ajili ya urefu huo maji katika sufuria isiyofunikwa huchemka hapa kwa kama sentigredi 96, si 100, na huko Karagwe juu huchemka mapema zaidi. Kwa hiyo kifuniko cha rejeta kina kazi kubwa kwetu kuliko kwa watu wa pwani. Kifuniko kizima chenye alama ya 0.9 huyabana maji hata yasichemke mpaka yafike karibu na 115. Kifuniko kibovu hakibani, na maji ya 97 yatachemka, mapovu yataizunguka sensa, na mambo yote tuliyoyaeleza yatafuata.

Hewa ya hapa nayo ni nyepesi kuliko ya pwani. Injini isiyo na tabo hupata hewa kidogo kwa kila pumzi, moto wake hutembea polepole zaidi, nayo huvumilia cheche iliyowahi kidogo. Mwenye gari la zamani la distributa, aliyepangiwa taimingi na fundi wa Bukoba mpaka likawa jepesi mlimani, akilipeleka Dar es Salaam ataona linagonga katika joto la pwani. Fundi hakukosea, hewa imebadilika. Yafaa kuirudisha nyuma digrii mbili tatu. Magari ya kompyuta hujirekebisha, na yenye tabo hujishindilia hewa, kwa hiyo yasidhaniwe kuwa salama kwa sababu tu yako juu.

VITU VINAVYOUZWA KWA HILA

Kuna watu wanaouza kipande kidogo cha umeme cha kufunga katika waya wa sensa, wakisema kwamba kinaongeza nguvu. Ndani yake hamna kitu ila kizuizi cha umeme cha bei ndogo sana. Kazi yake ni kuidanganya kompyuta iamini kwamba hewa au maji ni baridi, ili iwahishe cheche na kuongeza petroli. Huenda siku ya kwanza ukaona gari limechangamka. Lakini umeondoa mlinzi mlangoni, na siku maji yatakapozidi joto hatakuwapo wa kuichelewesha cheche. Kwa injini yenye tabo ni hatari kabisa.

Hali kadhalika petroli mbovu. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga mapema, hata maji yakiwa kwenye joto lake sawasawa. Usinunue ya chupa njiani ikiwa waweza kufika kituoni.

MAJI YA KUTIA

Maji ya kisima au ya mto yana chumvi na udongo, ambavyo huganda juu ya kuta za njia za maji na juu ya sensa yenyewe. Sensa iliyovaa ukoko husikia joto kwa kuchelewa, na kompyuta hupata habari za dakika iliyopita. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yaliyotoneshwa. Kulanti hairudishi baridi tu. Huzuia kutu, na huyapandisha maji kiwango cha kuchemka. Ukikwama njiani, tia maji yoyote safi uliyo nayo ufike nyumbani, kisha uyamwage na kutia yafaayo. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa bati safi ni afadhali kuliko ya kisima.

KUIPIMA THAMOSTATI NYUMBANI

Jambo hili mke na mume waweza kulifanya jikoni. Injini ikiwa baridi kabisa, mwombe fundi aitoe thamostati. Ifunge kwa uzi, uining'inize katika sufuria ya maji ya baridi isiguse chini, na utie kipimajoto ukiwa nacho. Pasha moto polepole. Yenye alama ya 82 itaanza kufunguka kabla maji hayajachemka, nawe utaona mlango ukisogea. Maji yakianza kuchemka, ambayo hapa Bukoba ni kama 96, yapasa iwe wazi kabisa. Ikiwa maji yanachemka nayo bado imefungwa, imekufa, na ndiyo iliyokuwa ikiipasha moto injini yako. Ikiwa ilikuwa wazi tangu maji yalipokuwa baridi, nayo pia imekufa, na ndiyo iliyokuwa ikila petroli. Iliyo nzima uirudishe kwa gasketi mpya, tundu dogo la kutolea hewa likielekea mahali ilipoonyesha alama ya kiwanda, kisha ujaze maji, uiache injini izunguke kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu yakome na bomba la chini la rejeta lipate moto, ndipo ufunge.